Wembe wa kwanza: kumfundisha kijana kunyoa ndevu kwa brashi, sabuni na mashine ya chuma

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi nilipewa hivyo hivyo. Ilikuwa bwenini, alfajiri, kabla ya ukaguzi: nusu ya kiwembe kilichovunjwa katikati ili kitoshe watu wawili, kipande cha sabuni ya mche na kioo kilichopasuka. Nilijifunza kweli kama wahenga walivyotaka, lakini shingo yangu ilichukua miaka kupona, na chini ya taya la kushoto bado nina kovu dogo ambalo kila kinyozi huliuliza.

Kwa hiyo dada yangu aliponipigia simu likizo iliyopita na kuniambia, "Kaka, mwanao ameanza kuota ndevu, na anazikata kwa mkasi wa kucha, hebu mchukue umfundishe," niliamua nitampa wembe, ila sitampa wembe peke yake. Kijana ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu, na shule yao haitaki kuona unywele kidevuni. Niliyofanya naye ndiyo ninayoyaandika hapa, pamoja na makosa niliyofanya mimi mwalimu. Yanamfaa baba, mjomba, kaka mkubwa, na pia mama anayelea peke yake. Huhitaji kuwa na ndevu ili kumfundisha mtu kuzinyoa.

Kwanza, muulize kama anataka

Ndevu haziji zote siku moja. Kwa kawaida hutangulia kwenye pembe za mdomo wa juu, kisha sharubu zinakamilika, halafu zinaota sehemu ya juu ya mashavu na chini ya mdomo, na mwisho kabisa kidevu na shingo. Kijana mwenye kivuli cha sharubu tu hana haja ya somo zima. Na yupo ambaye hataki kunyoa kabisa, kwa sababu ya dini au kwa sababu amezisubiri kwa hamu na ndiyo kwanza zimefika. Huyo mfundishe kusafisha shingo na kupunguza sharubu, basi. Usimlazimishe.

Kuna uvumi utausikia kutoka kwake au kwa bibi yake: kwamba ukinyoa mapema ndevu zinaota nene na nyeusi zaidi. Si kweli. Malaika laini yana ncha iliyochongoka. Ukiyakata ncha inakuwa butu, ndiyo maana yanachoma kidole yanapotokeza tena. Unene wa unywele unaamuliwa ndani ya ngozi, na wembe haufiki huko.

Kwa nini mashine ya wembe mmoja

Ninaposema mashine simaanishi ile ya umeme ya saluni. Namaanisha ile ya chuma yenye mpini mfupi, unayoifungua na kuweka kiwembe cha pande mbili, ambayo wazee wengi walikuwa nayo kwenye kabati pamoja na saa ya mkono na kitambulisho cha kazi. Muundo wake ni wa Mmarekani, King C. Gillette, aliyepata hataza yake mwaka 1904. Miaka zaidi ya mia moja imepita na kanuni ni ile ile: kiwembe chembamba kinabanwa kati ya vipande viwili vya chuma, kinatokeza kidogo tu kila upande. Kiwembe cha kampuni yoyote kinaingia kwenye mashine ya kampuni yoyote. Kwa mtu anayetegemea duka la karibu na shule hilo ni jambo kubwa.

Lakini sababu yangu hasa si bei wala ukale. Ni nywele zetu. Ndevu za kipilipili hazichomozi moja kwa moja, zinajikunja tangu ndani ya ngozi. Mwaka 1971 Gillette walileta mashine ya nyembe mbili zilizofuatana, na baadaye zikawa tatu, hadi tano. Ubora wake ulio kwenye tangazo ndio ubaya wake kwetu: wembe wa kwanza unauvuta unywele, wa pili unaukata kabla haujarudi chini, na ukirudi unazama chini ya usawa wa ngozi. Unywele ulionyooka utatoka tena pale pale ulipoingilia. Wa kipilipili, ukiwa na ncha kali na umejikunja, unachoma ngozi kutoka ndani, au unatoka nje kisha unageuka na kuingia tena pembeni. Mwili unaupokea kama mwiba. Ndiyo vile vipele vya shingoni vinavyokuwa vyeusi na kuacha madoa. Jeshini Marekani tatizo hili limewasumbua sana askari weusi, na kwa miaka mingi madaktari wa jeshi wamekuwa wakiwaandikia baadhi yao kibali cha kutonyoa.

Wembe mmoja haumalizi vipele vyote. Unavipunguza, kwa sharti kwamba anayenyoa hatafuti kidevu laini kama cha mtoto mchanga. Hili nilimwambia mpwa wangu siku ya kwanza na nikalirudia kila siku: tunaacha kivuli. Mwalimu wa zamu akipita aone umenyoa, yatosha. Ukipapasa na kusikia mkwaruzo kidogo, hapo ndipo pa kuishia.

Vifaa, na ya kuangalia dukani

Mashine: chagua ya chuma yenye uzito, si ya bati jepesi. Uzito ndio utakaofanya kazi badala ya mkono. Zipo zenye ukingo wa meno kama kitana, ziache. Kwa anayeanza tafuta yenye ukingo ulionyooka.

Viwembe: nunua pakiti moja tu kwanza. Kuna vikali mno na kuna vya wastani, na ngozi ya kila mtu inachagua. Kikimuwasha, badilisha aina kabla hujalaumu mkono wake. Kiwembe kimoja kinatosha kunyoa mara tatu hadi tano. Kikianza kuvuta, kitupe. Kijana atataka kukibana kimalize muhula, na hapo ndipo damu inapotokea.

Brashi: hapa uliza nywele zake ni za nini. Brashi nyingi za bei nafuu ni za nywele za nguruwe, na muuzaji hatakwambia usipouliza. Kwa familia ya Kiislamu hilo si dogo. Zile za nyuzi za kutengenezwa zinafaa kila mtu, zinakauka haraka, hazinuki, na siku hizi ni laini kweli.

Sabuni: iwe ya kunyolea, ya kopo au ya kukamua. Sabuni ya mche ni ya nguo. Ya kuogea inateleza dakika moja kisha inakauka usoni. Nimeona watu wakinyoa kwa dawa ya mswaki na sitaki kulizungumzia zaidi.

Ongeza kipande cha shabu, ile ile ambayo bibi zetu waliitumia kutuliza maji yenye tope mtungini, na taulo dogo safi la kijana mwenyewe. Basi.

Neno kuhusu maji. Sisi tunaotumia visima Dar es Salaam tunajua maji ya chumvi yanavyoikataa sabuni, unasugua na kusugua unapata mabonge tu. Usifundishie maji hayo ukaishia kufikiri sabuni ni mbovu. Chota ya bomba, au ya mvua. Lita moja inatosha.

Siku tatu kabla: ziangalieni zinakoelekea

Mwache asinyoe siku tatu. Kisha mketishe karibu na dirisha, apitishe kidole shavuni toka juu kwenda chini, halafu kinyume chake. Upande kidole kinakoteleza ndiko ndevu zinakolala, upande kinakokwama ni kinyume chake. Afanye hivyo shavu, taya, kidevu na hasa shingo.

Shingo ndiyo yenye siri. Watu wengi hudhani ndevu zote zinaelekea chini. Mpwa wangu zake za shingo upande wa kulia zinapanda juu, na za kushoto zinalala kwenda sikioni. Angenyoa zote kwa kushuka angekuwa ananyoa nusu ya shingo kinyume bila kujua. Nilimpa karatasi achore uso na mishale. Alicheka, akaona ni mambo ya darasa la tatu, lakini karatasi hiyo ilikaa imebandikwa pembeni ya kioo likizo nzima.

Somo la kwanza uso hauguswi na wembe

Anza na kuiweka mashine pamoja. Fungua mpini, mashine inatoka vipande vitatu. Kifuniko kilaze mezani, mgongo chini. Kiwembe shika ncha zake fupi, zile zisizokata, usikishike kwa ubavu hata mara moja. Kilaze juu ya kifuniko kiingie kwenye vishikizo, weka bamba la chini, kaza mpini. Kisha inua kwenye mwanga utazame: makali yawe yametokeza sawasawa pande zote mbili. Yakiwa yamepinda, fungua, upange upya. Mfanye kijana arudie mpaka aache kukodoa macho. Mimi nilimfanya mara sita.

Halafu ondoa kiwembe, mpe mashine tupu, apake povu usoni na anyoe kwa mashine isiyo na wembe. Ataona ni mchezo. Acha aone hivyo, wakati wewe unaangalia mkono wake. Kila kijana aliyewahi kuona tangazo la televisheni hukandamiza na kuburuta kwa mstari mrefu, sikioni mpaka kidevuni. Hiyo ndiyo tabia ya kuondoa kabla makali hayajaingia.

Namna ya kumpa pembe sahihi: aweke kichwa cha mashine shavuni mpini ukiwa umemwelekea pembeni, kama tawi lililotoka kwenye shina. Hapo wembe haugusi kitu. Kisha ashushe mpini taratibu mpaka makali yaguse ngozi. Ni kama nyuzi 30 kati ya wembe na uso, lakini usimtajie nyuzi, sikio litamwambia. Wembe ukikaa vizuri unatoa sauti ndogo ya mchakato. Ukinyamaza, amepoteza pembe. Ukikwaruza, ameshusha mno.

Baada ya hapo tulihamia kwenye puto. Unalipuliza lisijae sana, unalipaka povu, unarudisha kiwembe kwenye mashine, na kijana analinyoa puto. La kwanza lilipasuka sekunde ya tatu na povu likaruka mpaka kwenye pazia la shangazi yake, tukafuta haraka kabla hajarudi kutoka sokoni. La pili likapasuka karibu na fundo.

"Mjomba, hili puto bovu."

"Mkono mjomba, si puto. Shika mpini kwa vidole vitatu, kama unavyoshika kijiti cha ubuyu."

La nne alilimaliza. Aliligeuza akalitazama kama mtu aliyechinja kuku wake wa kwanza. Siku hiyo tuliishia hapo, na nakushauri uishie hapo na wewe.

Siku yenyewe

Asinyoe akiwa na haraka, wala mkono ukitetemeka kwa njaa. Jioni ni bora kuliko asubuhi, ngozi inapata usiku mzima wa kutulia.

Nyoa wewe kwanza, yeye akiwa pembeni mnatazama kioo kimoja. Kosa langu lilikuwa hapa. Kazi yangu niliimaliza kimya, nikadhani ameona. Kumbe alikuwa anatazama sura ninazokunja, si mkono. Sema kila unachofanya, hata kama utajisikia kama mtangazaji wa mpira. Na ikifika zamu yake usichukue mashine ukamnyoa wewe. Uzito wa mkono haufundishiki kutoka nje.

Aoge kwanza kwa maji ya uvuguvugu, au akae na taulo lililolowa maji ya moto usoni dakika mbili tatu. Unywele uliokunywa maji unalainika na kukatika kwa urahisi. Mkavu unapigana na wembe. Atie brashi kwenye maji huku akisubiri.

Povu lina kazi yake. Akamue brashi ibaki na unyevu, aisugue kwenye sabuni kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha ahamie kwenye bakuli au moja kwa moja usoni akizungusha, akiongeza maji matone machache kwa wakati. Mwanzoni linakuwa kama uji wa unga mwingi, halafu linajaa, halafu linang'aa. Lisimamishe hapo: zito kama mtindi, lisilo na mapovu ya kuonekana kwa macho. Likiwa na mapovu makubwa kama ya kufulia, maji yamezidi au sabuni haitoshi. Brashi isuguliwe kwa kuzungusha na kuinua, kwani inapozunguka ndivyo inavyoviinua vinyweleo vilivyolala. Hii ndiyo faida ya brashi ambayo kopo la povu la kupuliza halina.

Aanze na shavu, karibu na sikio, akifuata zinakolala. Mipigo mifupi, sentimita mbili au tatu, bila kukandamiza hata kidogo. Uzito wa mashine unatosha. Baada ya mipigo miwili mitatu asuuze kichwa cha mashine kwenye maji, kikiziba hakikati. Ngozi iliyokwisha povu isipitishwe wembe tena. Akiona ameacha sehemu, apake povu kwanza, hata kama ni eneo la ukubwa wa kidole gumba. Hapa ndipo vijana hujikata: wameona unywele mmoja umebaki, wanaurudia mkavu.

"Mjomba, mbona inakwaruza?"

"Povu limekauka. Paka tena, hatukimbizwi."

Taya ni kona, na kona haipendi mpigo mrefu. Ainue kidevu kidogo, apite juu ya mfupa kwa vipande vidogo vidogo, akibadilisha pembe kila mara. Sharubu: avute mdomo wa juu chini juu ya meno, kama mtu anayezuia kicheko, anyoe toka puani kushuka. Chini ya pua akate kwa mipigo ya urefu wa punje ya mchele. Kidevu ndicho chenye ndevu ngumu zaidi, kiachwe nyuma ili povu lizidi kukilainisha.

Shingo mwisho, na ramani itazamwe. Watu wengi wamefundishwa kuivuta ngozi ya shingo ikaze kama ngoma. Kwa ndevu za kipilipili usifanye hivyo. Ngozi iliyovutwa ikiachiwa, unywele uliokatwa unazama ndani, tumerudi kwenye yale yale ya nyembe mbili. Aitulize tu kwa kidole isikunjike. Kwenye koo linalotokeza, asogeze ngozi kidogo pembeni, anyoe hapo palipo bapa, kisha airudishe.

Mara moja, kufuata zinakolala, basi. Kuna wanaonyoa mara tatu: kufuata, kukatisha, na kinyume. Hao waache na nywele zao. Mpwa wangu aliomba kurudia kinyume shavuni "nione tu". Nilimkatalia. Kesho yake aliniambia yule rafiki yake wa mtaa wa pili hufanya hivyo na shingo yake ni kama ganda la fenesi.

Baada ya wembe

Asuuze kwa maji ya baridi. Kisha achovye jiwe la shabu kwenye maji na kulipitisha usoni kote, asubiri dakika moja, asuuze tena. Shabu inabana ngozi na kukausha mikwaruzo midogo, lakini mimi naipenda kwa sababu nyingine: ni mwalimu asiyeongopa. Inapowasha ndipo alipokandamiza. Siku ya kwanza kijana alishika kidevu na taya la kulia, akaruka kidogo. Wiki mbili baadaye ilikuwa pembe moja tu ya kidevu.

Spiriti ya saluni achana nayo. Inaunguza, inakausha ngozi, na maumivu yake yamewafanya wanaume wengi waamini kwamba kuumia ni sehemu ya kunyoa. Apake gliserini iliyochanganywa na maji, au losheni isiyo na manukato. Mafuta ya nazi ni mazuri, ila kijana mwenye chunusi yanaweza kumzidishia, aanze na tone moja.

Akijikata usipige kelele, utamtia hofu ya wembe kwa mwaka mzima. Abonyeze kwa kitambaa safi dakika mbili, aguse kwa ncha ya shabu. Mikato ya wembe mpya ni myembamba, inafunga haraka kuliko ya wembe butu.

Mashine aisuuze, aifungue kidogo maji yatoke, aikaushe kwa kuikung'uta. Kiwembe asikifute kwa taulo. Brashi isuuzwe, ikung'utwe, itundikwe au isimamishwe mahali penye hewa, si ndani ya mfuko wa nailoni.

Vipele vikitokea

Vitatokea hata kwa mwangalifu. Dawa ya kwanza ni kupumzisha wembe wiki kadhaa, ndevu zitoke nje ya ngozi zenyewe. Kama shule haielewi, mashine ya umeme inayoacha urefu wa milimita moja inamvusha. Asivitumbue, wala asichimbue unywele kwa pini. Akiona kichwa cha unywele kimejikunja juu ya ngozi, kabla ya kunyoa asugue polepole kwa kitambaa laini kilicholowa maji ya uvuguvugu, kwa kuzungusha. Mwingi utainuka.

Na nalisema hili kwa uchungu: usimruhusu kupaka zile krimu za vijitubu zinazouzwa kiholela za "kuondoa vipele na madoa". Nyingi zina steroidi. Wiki ya kwanza uso unakuwa mzuri ajabu, baada ya miezi ngozi imekuwa nyembamba na vipele vimerudi na ndugu zao. Vikiwa na usaha, au vikiacha makovu yanayovimba na kukua, hasa kama kwenu kuna mwenye makovu ya aina hiyo, wembe usimame na aonwe na daktari wa ngozi.

Viwembe vilivyotumika

Chukua kopo tupu la nyanya au la maziwa, ambalo halijafunguliwa kifuniko chote ila limetobolewa, osha ndani, chana mpasuo mwembamba juu. Kila kiwembe kinachokwisha kinadumbukizwa humo. Likijaa baada ya miaka, ugonge mpasuo kwa nyundo uzibe, ndipo ulitupe. Kiwembe kilichofungwa kwa karatasi na kutupwa jalalani kitamkuta anayeokota chupa, au mtoto anayetafuta gurudumu la gari lake la makopo.

Kurudi shule

Sehemu hii nilikuwa naiogopa kuliko makali. Bwenini vitu vyote ni vyetu: sukari ni yetu, pasi ni yetu, na wembe pia ni wetu. Nilimweleza bila kuzungukazunguka kwamba wembe unabeba damu hata usipoiona, na kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba na zaidi vikiwa bado vinaambukiza. Ukimwi walishafundishwa, homa ya ini hakuwahi kuisikia ikitajwa pamoja na wembe.

"Nikikataa wataniita mchoyo, mjomba."

Hilo ni kweli, na kumwambia awe jasiri hakumsaidii mtoto anayelala chumba kimoja na wenzake ishirini. Tulikaa tukafikiri. Mwishowe tulimfungashia pakiti mbili za viwembe badala ya moja, ile ya pili ya kugawa. Anayeomba anapewa kiwembe kipya kwenye karatasi yake, anashukuru, anakwenda zake. Mashine, brashi na taulo vinakaa kwenye mfuko mdogo chini ya madaftari, ndani ya tranka, na ufunguo uko shingoni.

Wiki ya tatu alinipigia kwa simu ya mlezi. Pakiti ya pili ilikuwa imeisha, na wenzake wawili wanataka kujua maputo yanauzwa wapi.